Mkanda wa Tatu: Kisa cha Chumba cha Giza Kilichofunguliwa Upya

Kisa hiki kinahusu kituo kidogo cha mafunzo ya upigaji picha kilichorudisha kozi ya kupiga picha kwa filamu baada ya kuifuta kwa zaidi ya miaka 15. Nilikuwemo tangu kikao cha kwanza. Nilikuwa mwalimu wa muda wa kozi za dijitali, sikuulizwa maoni sana, lakini kumbukumbu zote niliandika mimi. Majina, mahali na chochote kinachoweza kuwatambulisha wahusika nimeviondoa. Wawili ambao mambo yote yaliwazunguka nitawaita Mratibu, aliyeendesha kituo, na Mzee, fundi aliyesafisha picha za watu maisha yake yote na ambaye ndiye aliyekifunga kwa mkono wake chumba cha giza, yaani chumba cha kusafishia filamu na kuchapia picha.

## Usuli

Chumba cha giza kilikuwa kimegeuzwa stoo. Mashine ya kukuzia picha ilikaa kwenye kona, imefunikwa shuka, na juu yake yamelundikwa mabango ya maonyesho ya miaka iliyopita. Sinki bado lilikuwa na madoa ya kahawia ya dawa. Hakuna aliyefikiria kukirudisha mpaka wanafunzi wa dijitali walipoanza kuja na kamera za babu na za shangazi, kila mmoja na swali lilelile: "Hii bado inafanya kazi?" Mratibu akaanza kuandika majina ya wanaouliza. Ndani ya miezi michache orodha ikafika majina 41, karibu wote vijana waliokulia kwenye dijitali.

Hao hawakuwa na cha kukumbuka. Watu hupenda kuueleza mvuto wa filamu kuwa ni kutamani enzi zilizopita, lakini kijana wa miaka 20 hawezi kuzikumbuka enzi ambazo hakuwepo. Nilipowauliza kwa nini, majibu yao yalikuwa ya leo kabisa. Mmoja alisema ana maelfu ya picha kwenye simu na hajui hata moja iko wapi. Mwingine akasema, "Nikipiga kwa simu, simu ndiyo inaamua uso wangu ukae vipi." Alikuwa akizungumzia programu zinazolainisha ngozi na kung'arisha vivuli kabla mwenye picha hajaiona. Wa tatu alisema tu kwamba anapenda zile rangi, na nadhani huyo ndiye aliyekuwa mkweli kuliko wenzake.

Kikao cha kuamua kilikuwa na mvutano. Mratibu alikuja amejiandaa. Alikumbusha kwamba Kodak, kampuni ambayo mhandisi wake Steven Sasson aliunda kamera ya dijitali mwaka 1975, ilifikishwa na dijitali hiyohiyo mahakamani kuomba kinga dhidi ya wadai Januari 2012, na mwaka huohuo ikaacha kutengeneza filamu ya slaidi ya Ektachrome. Mwaka 2018 Ektachrome ikarudi. Fujifilm iliacha filamu yake nyeusi na nyeupe, Acros, mwaka 2018, kelele za wateja zikawa nyingi, mwaka uliofuata ikaleta Acros II. Polaroid ilitangaza mwaka 2008 kwamba inaacha filamu zake za papo kwa papo. Kikundi cha wapenzi kikaichukua mitambo ya kiwanda cha Enschede, Uholanzi, wakahangaika na dawa kwa miaka, na leo filamu hizo zinauzwa tena kwa jina lilelile la Polaroid. Leica ilirudisha kamera yake ya filamu, M6, mwaka 2022. Harman ya Uingereza, watengenezaji wa filamu za Ilford ambao kwa miongo walijulikana kwa nyeusi na nyeupe, walitoa filamu yao ya rangi, Phoenix, Desemba 2023. Mwaka 2024 Pentax wakatoa kamera mpya ya filamu, Pentax 17, inayoigawa kila fremu mara mbili, mkanda wa picha 36 ukatoa 72.

Mratibu alimaliza kwa kusema soko lenyewe limeshajibu.

Mzee alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza neno moja tu: "Na Kodachrome?"

Kodachrome, filamu ya rangi ya Kodak, iliachwa mwaka 2009, na maabara ya mwisho iliyokuwa ikiisafisha ikafunga mlango wa kupokea mikanda mwishoni mwa 2010. Ilisafishwa kwa dawa zake peke yake, hatua nyingi, mashine maalumu. Mtu aliyesahau mkanda wa Kodachrome kwenye droo hata leo anao, lakini rangi zake hatazipata tena. "Filamu haifi dukani," Mzee alisema. "Inafia kwenye sinki. Ya kale dhahabu, mwanangu, sawa, lakini spea za kale ziko wapi?"

Hakuwa anapinga kozi. Alitaka ianze na sinki. Mratibu alitaka ianze na kamera. Alishinda Mratibu.

## Awamu ya kwanza

Walijiandikisha watu 14. Kituo kilinunua kamera 8 za mitumba mtandaoni kwa mkupuo mmoja, zilizobaki wanafunzi walikuja nazo. Filamu ilikuwa ya rangi, kwa kuwa ndiyo waliyoitaka, na mikanda ingetumwa kwenye maabara ya nje isafishwe na kuskaniwa, mafaili yarudi kwa barua pepe. Chumba cha giza hakikuguswa. Mabango yaliendelea kukaa juu ya mashine.

Sababu za Mratibu hazikuwa za kipuuzi. Filamu ya rangi husafishwa kwa mfumo unaoitwa C-41, na dawa yake ya kwanza inatakiwa ikae nyuzi 37.8, dakika 3 na sekunde 15. Ukiyumba hapo kidogo tu rangi zinakwenda mrama. Kufundisha kazi hiyo watu 14 ambao hawajawahi hata kuweka filamu kwenye kamera ingekuwa kujitakia balaa. Kwa maabara ya nje, mwanafunzi angepiga tu na kusubiri.

Matokeo yalirudi baada ya wiki tatu, na mikanda mitatu haikuwa na kitu.

Niliona Mzee akiichukua mmoja wa ile mitatu na kuiinua dirishani. Hakuangalia katikati, ambako picha hukaa. Aliangalia ukingoni. Pembeni mwa filamu kiwanda huchapa kwa mwanga jina la filamu na namba za fremu, na chapa hiyo hujitokeza wakati wa kusafisha kama picha yoyote nyingine. Namba zilikuwepo, nyeusi, zinasomeka. Basi maabara ilifanya kazi yake. Ni mwanga uliokuwa haujafika. "Mkanda huu haukutoka kwenye kopo lake," alimwambia mwenyewe, kijana aliyekuwa amekwenda nao kwenye safari ya siku nzima.

"Yaani nilipiga picha 36 hewani?"

"Hewani, mwanangu. Ulipokuwa unavuta wenzo wa kusogeza filamu, kile kishikio cha kushoto cha kurudishia mkanda kilikuwa kinazunguka?"

Kijana hakujua kwamba kinatakiwa kuzunguka. Hakuna aliyemwambia. Ncha ya filamu ilikuwa imechomoka kwenye spuli tangu picha ya kwanza, na kihesabio kikaendelea kuhesabu kwa uaminifu mpaka 36, kwa sababu kihesabio huhesabu mivuto ya wenzo, hakijui kama nyuma yake kuna filamu.

Mikanda miwili mingine ilitoka na vivuli vizito, vyenye chengachenga za kijivu. Chanzo kilikuwa betri. Kamera nyingi za miaka ya 1960 na 1970 zilitengenezewa betri za zebaki za volti 1.35, ambazo zimeondolewa sokoni kwa ajili ya sumu yake. Ukiweka betri ya kawaida ya volti 1.5, kipimamwanga cha kamera isiyo na saketi ya kusawazisha hudhani mwanga ni mwingi kuliko ulivyo, na picha inanyimwa mwanga. Filamu ya rangi husamehe mwanga uliozidi, uliopungua haisamehe. Kamera moja tena, kati ya zile nane, sponji zake za kuzuia mwanga mlangoni zilikuwa zimeoza na kuwa kitu kama lami, ikatoa mistari ya rangi ya chungwa upande mmoja wa kila picha. Na hapa niseme kitu ambacho kilimuudhi Mzee kuliko mikanda mitatu mitupu: mwenye kamera hiyo aliipenda ile mistari. Alidhani ndiyo filamu yenyewe.

Hata hivyo picha nzuri zilikuwepo, na baadhi zilikuwa nzuri kweli. Mafaili yalifika kwenye simu, yakapandishwa mitandaoni jioni ileile, pongezi zikamiminika. Mratibu alihesabu zile pongezi kwenye ripoti yake. Siku kumi baadaye ikaja bahasha kubwa kutoka maabara ikiwa na negativu zenyewe, yaani filamu zilizosafishwa, kila mkanda kwenye bahasha yake ndogo yenye jina. Waliokuja kuchukua walikuwa wawili. Bahasha 12 zilizobaki zikawekwa kwenye boksi, boksi likaingia stoo, yaani kwenye chumba cha giza.

Mimi nilidhani ni uvivu. Nilipompigia simu mmoja wao kumkumbusha, alijibu kwa adabu kabisa, "Lakini picha nimeshazipata, mwalimu."

## Swali lililobadilisha mambo

Kikao cha tathmini kilianza kwa furaha. Orodha ya wanaosubiri ilikuwa imerefuka, na Mratibu alitaka awamu ya pili iwe na watu 30. Mzee alikuwa na swali moja: kati ya wale 14, nani amepiga mkanda wa tatu?

Hakuna aliyejua. Tukawapigia simu. Mkanda wa pili walikuwa wamepiga 5, wa tatu 2.

Kwa nini wa tatu? Alieleza hivi, nami nimekuja kukubaliana naye. Mkanda wa kwanza ni udadisi, kila mtu anaupiga. Wa pili mara nyingi ni wa kurekebisha aibu ya wa kwanza. Anayenunua wa tatu ameshajua gharama yake, ameshajua kusubiri, ameshawahi kupoteza picha aliyoitaka, na bado amerudi. Kamera zilizouzwa hazikuambii hilo, na pongezi za mtandaoni ndiyo kabisa. Inawezekana kabisa kamera zikauzika kwa wingi huku filamu ikiwa moto wa mabua.

## Maamuzi ya awamu ya pili

Tulibadilisha karibu kila kitu, na mengi kati ya hayo hayakumfurahisha Mratibu.

Filamu iwe nyeusi na nyeupe, isafishwe palepale. Sababu ya kiufundi ni kwamba kazi hiyo hufanyika kwenye nyuzi 20 hivi, na joto likipanda au kushuka kidogo unafidia kwa kupunguza au kuongeza dakika. Ni mfumo unaomvumilia mwanafunzi. Lakini sababu ya kweli ya Mzee ilikuwa nyingine: alitaka mtu aishike negativu yake ikiwa imelowa, kabla hajaiona kwenye kioo cha simu.

Mafaili yasitolewe mpaka mwanafunzi awe amechapa karatasi moja yenye picha zote za mkanda wake, ndogondogo, kwa kulaza negativu juu ya karatasi na kuimulika. Uamuzi huu niliupinga. Niliona ni ubabe wa kizee. Nilikosea, nitaeleza mbele.

Kila kamera ikaguliwe kabla ya kugawiwa. Ukaguzi wenyewe hauhitaji maabara. Fungua mlango wa nyuma, elekeza kamera dirishani, fyatua kwa kasi mbalimbali ukiangalia kama shata, pazia linalopitisha mwanga, inafunguka na kama sekunde moja inasikika kuwa sekunde moja. Papasa sponji, ikiacha uchafu mweusi kidoleni, ibanduliwe, ibandikwe mpya. Kwa betri, wanafunzi walifundishwa kutokitegemea kipimamwanga cha ndani: kwenye jua kali weka tundu la lenzi f/16 na kasi ya shata inayokaribia ISO ya filamu, yaani namba ya usikivu wake kwa mwanga (ISO 100, karibu 1/100 ya sekunde), kisha fungua tundu hatua mojamoja kadiri mawingu yanavyoongezeka. Wenye wasiwasi walitumia programu ya simu.

Watu wasizidi 12, kwa kuwa matangi ya kusafishia filamu na mashine ya kukuzia havikutosha zaidi.

Waliposikia hakuna rangi, wengi kwenye orodha walijitoa. Tulibaki na 11. Mratibu aliliandika hilo kwenye kumbukumbu kwa mkono wake, ili isije ikasemwa hakuonya.

## Awamu ya pili

Kazi ya kwanza ilikuwa kupakia filamu kwenye reli ya tangi gizani. Walifanya mazoezi kwa mkanda wa kutupa: mara ya kwanza macho wazi, ya pili macho yamefumbwa, ya tatu taa zimezimwa. Inaonekana rahisi. Unaingiza ncha kwenye mdomo wa reli, unazungusha pande mbili za reli mbele na nyuma, filamu inajivuta yenyewe kuingia. Ila gizani mikono hutoka jasho, na filamu yenye unyevu hunata, haiendi mbele wala hairudi. Binti mmoja alikaa humo dakika 25. Sisi tuko nje ya mlango, tunamsikia Mzee aliyesimama naye akimwambia polepole, "Iache. Vuta pumzi. Pangusa mikono kwenye nguo. Sasa itafute ncha tena." Alipotoka, shati lilikuwa limelowa mgongoni, na tangi lake lilikuwa limefungwa vizuri.

Wiki ya pili tulipata ajali, na ilikuwa kosa la kituo. Dawa ya kusafishia na fiksa zilikuwa kwenye majagi mawili yanayofanana, yamekaa bega kwa bega. Kijana mmoja akamimina fiksa kwanza. Fiksa kazi yake ni kuondoa fedha yote, yaani madini ya filamu yanayonasa mwanga, ambayo haijageuzwa kuwa picha. Ikitangulia, hakuna iliyogeuzwa, basi inaondoa yote. Mkanda ulitoka mweupe kama plastiki ya kufungia daftari. Mzee akaangalia ukingoni, kama kawaida yake. Safari hii hata namba hazikuwepo.

Wale wa awamu ya kwanza tuliwapa pole kwa barua pepe. Huyu alisimama pale na plastiki yake mkononi, na wenzake kumi wakimtazama. Kilichofuata sikukitegemea: aliomba mkanda mwingine, na kabla ya kuondoka alibandika utepe mwekundu kwenye jagi la fiksa na kulihamishia upande wa pili wa sinki. Limekaa huko mpaka leo.

Tulikuwa pia na tatizo la negativu kutoka na ukungu wa maziwa wenye zambarau kidogo. Fiksa ilikuwa imechoka. Watu walikuwa wanairudisha kwenye chupa na kuitumia tena bila kuhesabu mikanda. Dawa ya tatizo ni kipande cha ncha ya filamu isiyosafishwa. Kitumbukize kwenye fiksa taa zikiwaka, hesabu sekunde mpaka kiwe angavu, kisha muda wa kufiksi uwe angalau mara mbili yake. Kama kuangaza kwenyewe kunachukua mara mbili ya muda uliochukua dawa ilipokuwa mpya, ibadilishe. Kuhusu fiksa iliyokwisha, ambayo inabeba fedha na haifai kumwagwa kwenye mfereji, kituo kilianza kuikusanya kwenye madumu. Madumu yamejaa kona moja na sijaona mpango wa maana wa kuyapeleka popote.

Kisha wakachapa. Ile karatasi ya picha ndogondogo niliyoipinga ilifanya kitu ambacho mafaili hayakuwa yamefanya. Mwanafunzi aliona picha zake 36 kwa mpigo mmoja, kwa mfululizo aliozipiga, na makosa yake yakiwa yamejipanga foleni: picha nne mfululizo za mlango uleule, kila moja ikiwa ametetereka kidogo, picha sita za rafiki, nzuri ikiwa ya kwanza, kabla rafiki hajajua anapigwa. Kwenye simu angezifuta zile mbovu palepale na asingejifunza kitu. Hapa hakuna cha kufuta. Tulizibandika ukutani na mjadala ukawa unakwenda hadi taa za jengo zinazimwa.

## Matokeo

Walioanza walikuwa 11, walimaliza 10. Mkanda wa pili walipiga 9, wa tatu 7. Wote walichukua negativu zao. Chumba cha giza kinatumika kila wiki, na watu wanne wa awamu ile sasa wananunua filamu nyeusi na nyeupe ya kujikatia wenyewe, ile inayouzwa kwa bunda la mita 30.5, wakigawana kwa zamu.

Pongezi mitandaoni zilikuwa chache kuliko za awamu ya kwanza. Mratibu hakulificha hilo kwenye ripoti, na hakupaswa kulificha.

## Uchambuzi

Nianze na tahadhari. Wanafunzi wawili kati ya 14 na saba kati ya 11 ni tofauti inayovutia macho, lakini makundi haya hayakuwa sawa. Awamu ya pili ilichuja watu mlangoni: asiyekubali nyeusi na nyeupe hakuingia. Huenda tulichokifanya kikubwa kuliko vyote ni kuwaondoa mapema wale ambao wangeondoka baadaye. Sidhani kama ndiyo yote, maana yule wa fiksa alikuwa na kila sababu ya kwenda zake, lakini siwezi kulitenganisha hilo na mengine.

Awamu ya kwanza iliharibika zaidi kabla ya filamu kufika maabara. Kamera nane zilinunuliwa kwa picha na maneno ya wauzaji, hakuna aliyefungua mlango wa nyuma, na hakuna mwanafunzi aliyeambiwa aangalie kishikio cha kurudishia. Ni mambo ya dakika tano. Fundi aliyekuwa anayajua alikuwa amekaa chumba cha pili, amekasirika, na sisi hatukwenda kumwita. Hapo lawama ni yetu sote, mimi nikiwemo.

Kuhusu maabara ya nje, sina ugomvi nayo, ilisafisha vizuri. Ila mtu aliyepokea mafaili tu ametumia filamu kama kichujio cha rangi. Kamera yake ni ya kale, safari ya picha ni ya kale, lakini kinachomfikia ni kile ambacho simu yake ingemletea, kwa kuchelewa wiki tatu. Rangi hizo programu inaziiga kwa kubonyeza mara moja. Ndiyo maana lile jibu la "picha nimeshazipata" lilikuwa sahihi kabisa kwa upande wake. Hatukuwa tumempa kitu kingine cha kurudia. Laiti ningeambiwa niibakize hatua moja tu ya awamu ya pili, ningebakiza ile karatasi.

Na tusijidanganye kwamba tulikimbia dijitali. Vijana waliijua filamu kwenye simu, wakapima mwanga kwa simu, wakajifunza kupakia reli kwa video, na negativu zao hatimaye tunazinakili kwa kamera ya dijitali juu ya kisanduku cha mwanga, kwa kuwa skana nzuri za maabara, mashine za enzi ambazo maduka yalisafisha picha za likizo za kila mtu, hazitengenezwi tena kwa wingi uleule na zilizopo zinazeeka. Mzee hulitania hilo: kwamba mtoto sasa ndiye anayemlea mzazi.

Je, basi filamu imefufuka? Kwa ushahidi wa kisa hiki, hamu imefufuka, tena kwa watu ambao hawakuwahi kuwa nayo. Viwanda navyo vimeitikia, kwa tahadhari: filamu ni kitu ambacho unaweza kuongeza zamu kiwandani ukakitoa. Ila Nikon ilifunga ukurasa wa F6, kamera yake kubwa ya mwisho ya filamu, mwaka 2020, na Pentax 17, kwa uzuri wake wote, ni kamera ya lenzi isiyobadilishwa ambayo mpigaji anakadiria umbali mwenyewe. Idadi kubwa ya mikanda inayopigwa bado inapita kwenye mashine zilizotengenezwa kabla wapigaji wake hawajazaliwa. Kila shata iliyochoka ikikosa fundi, kuna mtu anayeacha, na yeye haonekani kwenye takwimu za mauzo ya filamu mpaka baadaye.

Hilo lilitupata awamu ya pili ilipokaribia kwisha. Balbu ya mashine ya kukuzia iliungua. Ni balbu ya aina ya pekee, na kozi nzima ilisimama wiki mbili ikisubiri kifurushi kimoja. Kamera mbili ziliharibika shata katika muda huohuo; Mzee alizifungua mezani, akatengeneza moja kwa vipande vya nyingine. Wanafunzi walifurahia sana kutazama. Yeye hakufurahi. Aliniambia pembeni kwamba ana kamera nne tu zilizobaki za kuchinja namna hiyo.

Mratibu sasa anataka awamu ya tatu iwe na rangi na watu wengi zaidi, na hoja yake ina nguvu: wale waliojitoa kwa kukosa rangi bado wapo, na bila wao kituo hakilipi pango la chumba. Mzee amekubali rangi kwa sharti moja, kwamba kabla ya kuongeza hata kiti kimoja, apewe wanafunzi wawili wa kujifunza kufungua shata, walipwe muda wao, na wasifanye kingine kwa miezi sita. Kikao cha mwisho kiliahirishwa bila jibu.

Boksi la awamu ya kwanza bado liko kwenye rafu ya chumba cha giza, chini ya karatasi za kuchapia. Mwezi uliopita alikuja yule mwenye mistari ya rangi ya chungwa. Alitaka kuona kama mistari ile imo kwenye negativu yenyewe au ni ya skana. Akaiinua dirishani, akakaa nayo kitambo, kisha akauliza kozi ijayo inaanza lini na kama ataruhusiwa kuja na kamera ileile. Zimebaki bahasha 11.